Somo la 9: Shule za Rika Zote

Kabla ya kusoma

Tafuta karatasi yoyote yenye maandishi iliyomo nyumbani kwako. Inaweza kuwa karatasi ya mauzo ya tumbaku, kadi ya kliniki ya mtoto, au hata pakiti ya mbegu. Iweke mbele yako. Jiulize: naweza kusoma nini hapa bila kumwita mtu mwingine? Usiiondoe. Tutaihitaji mwisho wa somo.

Cheti ndani ya sanduku

Pembeni mwa mji wa Urambo, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana na mashamba yanaanza, anaishi bibi mmoja mkulima wa tumbaku. Nilifika kwake nikiandikisha watu wa darasa la kisomo.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa kwenye kigoda hicho."

"Ahsante. Bibi, mimi natoka Elimu ya Watu Wazima. Tunaandikisha watu wasiojua kusoma na kuandika. Wewe je?"

Bibi alicheka. "Mimi? Mimi nina cheti!"

Aliingia ndani akarudi na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kanga. Ndani ya kanga mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa cheti cha kufaulu mtihani wa kisomo wa mwaka 1975. Wakati huo bibi alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Nilimpongeza, nikataka kuaga. Lakini yeye alikuwa bado na jambo.

"Basi kabla hujaondoka nisomee na hii. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Ilikuwa karatasi ya mauzo ya tumbaku kutoka chama chake cha msingi. Mimi niliamini kwamba shida ni macho. Nikamwambia, "Bibi, humu ndani kuna giza. Tutoke nje, jua lipo, utaona mwenyewe." Tukatoka. Aliishika karatasi mbele yake, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole:

"Siyo macho, mwanangu. Nimesahau."

Mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa anachota maji. Bibi akamwita. Kijana alianza kusoma kwa sauti, kama wanavyosoma shuleni. Alisoma kilo za robota la kwanza, la pili na la tatu. Zote alizisoma sawasawa. Lakini alipofika kwenye herufi zinazoonyesha daraja la tumbaku, alikwama. "Bibi, hizi sizijui. Hazisomeki kama neno."

"Hilo ni daraja," bibi akasema. "Robota la kwanza lilikuwa la majani ya katikati ya mche. Yalikauka vizuri, yakawa na rangi ya chungwa. Hilo ndilo lenye bei kubwa. La tatu ni majani ya chini, yale yenye mchanga. Angalia, bei yake ndogo?"

"Ndogo, bibi."

"Basi ni sawa."

Wakaendelea hivyo. Mtoto alikuwa na herufi. Bibi alikuwa na tumbaku. Mimi nilikaa kimya. Mwisho mtoto akaona kitu kidogo pembeni, juu ya karatasi. "Hapa pameandikwa nusu," akasema. Palikuwa na alama hii: 1/2.

Nusu ya nini? Tulitazamana. Bibi akakunja uso. "Mimi nilipeleka marobota manne. Mbona umesoma matatu?"

Ile haikuwa nusu. Maana yake ilikuwa karatasi ya 1 kati ya karatasi 2. Karatasi ya pili, yenye robota la nne, ilikuwa haijafika mikononi mwa bibi. Kesho yake alikwenda chamani pamoja na mjukuu. Karatasi ilikuwepo, imelala kwenye jalada, ikingoja sahihi yake kwa wiki tatu. Hakuna aliyemwita, naye hakujua kwamba kuna kitu cha kuulizia. Fedha za robota zima la tumbaku! Na jembe lake la palizi, na kuni zake, na usiku aliokesha.

Bibi huyo alijiandikisha siku ileile. Aliniambia nisimwandike "asiyejua kusoma". Nimwandike "aliyesahau". Fomu haina nafasi ya neno hilo, lakini nililiandika pembeni kwa kalamu.

Je, imekuwaje mtu mwenye cheti akasahau? Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo.

Kujifunza kwa zamani

Watu wa Urambo hawakuanza kujifunza shule zilipojengwa. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilipita nchi hii ya Unyamwezi, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Kijana aliyefunga safari ya pwani alijifunza njiani. Alijifunza Kiswahili, kupima nguo, kuhesabu mizigo, kupatana bei, na kujua nani mwongo. Aliporudi aliheshimiwa kama mtu aliyekomaa.

Mtemi Mirambo, ambaye wilaya hii inamkumbuka mpaka leo, alikuwa mtu mwenye nguvu nyingi. Kuanzia mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora kwa miaka kadhaa, akaifunga njia ya misafara. Alipotaka kusema na balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alipeleka barua. Lakini barua ziliandikwa na watu wengine waliojua kuandika. Hata mtemi alitegemea kalamu ya mtu mwingine.

Mwaka 1879 Mirambo alimpokea daktari Ebenezer Southon, mmisionari kutoka Uingereza, akampa mahali pa kukaa. Southon alikufa mwaka 1882 baada ya ajali ya bunduki. Mirambo mwenyewe alikufa mwaka 1884. Mwaka 1898 kazi ya misheni ya Urambo ilichukuliwa na Wamoravian. Kwa hiyo kalamu na karatasi vimekuwa Urambo kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini vilikuwa vya watu wachache.

Kuna kisa kingine kilichotokea hapahapa, nacho kinafaa kukumbukwa na watu wa darasani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Mahali palipochaguliwa ni Kongwa, Nachingwea na Urambo. Walitaka kulima zaidi ya eka milioni 3. Walileta matrekta na mabwana wa kila aina. Lakini walianza kazi kabla ya kuichunguza ardhi na mvua vya kutosha. Mashine ziliharibika, karanga hazikutoka kama walivyohesabu. Mwaka 1951 mpango ulikufa. Waingereza walikuwa wamepoteza pauni kama milioni 36. Wale mabwana walijua kusoma sana. Kilichowashinda ni kuuliza wenyeji na kujifunza upya walipofika mahali pageni. Katika miaka ya 1950 ardhi iliyofyekwa ilianza kugawiwa wakulima wa tumbaku. Ndiyo sababu leo tukisema Urambo, mtu anafikiri tumbaku.

Miaka ya kisomo

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1967 ilionekana kwamba karibu watu 7 katika kila watu wazima 10 hawajui. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, alisema hatuwezi kungoja watoto wakue ndipo nchi iendelee. Akatangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo. Watu walisoma chini ya miembe, makanisani, misikitini, katika ghala za vyama. Waliofundisha walikuwa walimu, wanafunzi, na wananchi wa kujitolea waliopewa shilingi 30 kwa mwezi za kuwashukuru. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ilifuata Chakula ni Uhai. Mwaka 1980 ilikuja Misitu ni Mali. Mwaka huohuo wa 1975 ulifanyika ule mtihani wa nchi nzima ambao bibi yetu aliufaulu. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika kila watu wazima 100.

Sasa tazama namba nyingine. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu 22 hivi katika kila 100 wenye miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika. Namba ilipanda badala ya kushuka! Katika sensa ya mwaka 2022 ilishuka tena, ikawa kama 17. Mkoa wetu wa Tabora umekuwa miongoni mwa mikoa iliyo nyuma.

Kwanza niseme jambo moja. Mtihani na sensa si kipimo kimoja. Mtihani humtaka mtu asome. Sensa humuuliza tu. Kama karani wa sensa angemwuliza bibi yetu, bila shaka angejibu "najua", maana cheti kipo. Kwa hiyo tusizilinganishe namba hizi kama kilo za mzani mmoja. Lakini kurudi nyuma kulikuwepo, nasi tunaoingia vijijini tunakuona.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni watoto. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka 1977 serikali ilitaka kila mtoto aingie shule. Lakini baadaye hali ya uchumi ikawa mbaya, na mwaka 1984 michango ya lazima ikarudi. Watoto wengi wakabaki nyumbani. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena ulipoanza mpango wa MMEM, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtoto aliyekosa shule mwaka 1990 leo ni baba au mama wa watoto.

Sababu ya pili ni ile ya bibi. Alifaulu, akapewa cheti, akaenda nyumbani. Hapakuwa na gazeti, hapakuwa na kitabu cha pili. Kusoma ni kama jembe. Ukilitumia kila msimu linang'aa. Ukiliweka darini linashika kutu, ingawa ni jembe lako na hakuna aliyeliiba.

Mahali pa kusoma leo

Watu wengi wananiambia, "Mwalimu, umri wangu umepita." Sivyo. Tutazame rika moja moja.

Mtoto mdogo huanza darasa la awali, lililopo katika shule ya msingi. Penye umbali mkubwa wananchi hujenga shule shikizi, yaani madarasa machache ya watoto wadogo yaliyo chini ya shule kubwa. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Sare na madaftari bado ni juu ya mzazi, tusidanganyane.

Mtoto aliyechelewa kuanza shule ana MEMKWA, maana yake Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Wenye miaka 9 mpaka 13 husoma kwa muda mfupi, wakafanya mtihani wa darasa la nne. Anayefaulu anaingia darasa la tano pamoja na wenzake. Wenye miaka 14 mpaka 18 wana kundi lao. Usimfiche mtoto wa miaka kumi na mmoja nyumbani kwa kuona aibu kwamba ni mkubwa. Mlete.

Msichana aliyepata mimba zamani alifukuzwa shule, na mlango ukafungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu hiyo wanaruhusiwa kurudi. Nimekutana na wazazi ambao hawajalisikia tangazo hilo, na wengine wamelisikia lakini wanasema, "Atarudije na mtoto mgongoni?" Mimi najibu kwamba mtoto ana bibi. Mama asiyejua kitu atamlea huyo mtoto kwa shida zaidi kuliko bibi atakavyomlea kwa saa sita za shule. Tena kuna njia ya pili. Anayeona haya kukaa na watoto anaweza kusoma elimu ya sekondari nje ya shule katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama wengine.

Kijana anayetaka kazi ya mikono asisahau Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivyo vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na Urambo pia tunacho. Huko hufundishwa kazi kama useremala, uashi na ushonaji.

Na mtu mzima ana darasa la kisomo, ambalo serikali huliita MUKEJA. Hapo watu hujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu pamoja na jambo la maisha, kama ufugaji wa kuku au kuweka akiba. Hakuna mtihani wa kuingia. Hakuna umri wa mwisho. Anayekuja na mtoto wa kunyonyesha anakaribishwa.

Umewahi kulala kwenye bani?

Sasa nitasema kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza Urambo nilipanga ratiba ya kisomo: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri, kuanzia Januari. Niliibandika ukutani kwa fahari. Wiki ya kwanza walikuja watu ishirini na wawili. Wiki ya sita walikuja wanne, na mmoja wao alikuja kuomba ruhusa. Niliandika katika ripoti yangu kwamba wananchi hawana mwamko.

Mama mmoja wa darasa lile alikuja ofisini. Hakukaa. Aliniuliza, "Mwalimu, umewahi kulala kwenye bani?"

"Hapana, mama."

"Basi njoo."

Nilikwenda. Ilikuwa Machi. Kwa wale mnaosoma mkiwa mbali na nchi ya tumbaku, bani ni nyumba ya kukaushia majani ya tumbaku ya mvuke. Majani hufungwa kwenye vijiti, yakapangwa juu kwa juu ndani ya bani. Moto huwashwa kwenye tanuri, na joto huzunguka ndani kwa mabomba, bila moshi kugusa majani. Moto huo unakaa siku tano, sita, hata saba, mchana na usiku. Ukizidi, majani yanaungua. Ukipungua, yanakuwa meusi. Kwa hiyo lazima mtu akeshe. Mchana wengine wako shambani wakichuma majani yaliyokomaa, maana nayo hayangoji. Saa tisa alasiri ya Machi, Urambo, hakuna mtu aliye huru isipokuwa Bwana Elimu.

Usiku ule nilikaa kwenye gogo nikaona jambo. Ndani ya bani palikuwa na kipimajoto. Kwanza joto huachwa chini, kama nyuzi 35 mpaka 38, majani yageuke njano. Kisha hupandishwa polepole ili jani likauke. Mwisho hufikishwa kama nyuzi 70, ili mshipa mnene wa katikati nao ukauke. Mama yule hakuwa anajua namba. Alikuwa amefunga uzi mwekundu mahali pa kwanza na uzi mweusi mahali pa mwisho. Kipimajoto cha zamani kilikuwa kimevunjika. Kipya kilikuwa cha namna nyingine, na nyuzi zake hazikufaa tena. Bani la kwanza la msimu ule lilikuwa limeungua.

Tulianza kusoma hapohapo. Namba ya kwanza aliyoandika mchangani kwa kijiti ilikuwa 38.

Mwaka uliofuata tulibadili ratiba. Kuanzia Juni mpaka Agosti, baada ya masoko kuanza, darasa lilikaa siku tatu kwa wiki saa kumi jioni. Wakati wa palizi ilibaki siku moja, Jumapili baada ya ibada. Wakati wa kukausha darasa lilihamia kwenye mabani, watu wanne au watano penye moto mmoja, kila mmoja na tochi ya simu. Hakuna kitu nilichobuni mimi. Wanakisomo ndio waliopanga, mimi nilipiga mhuri.

Watoto na tumbaku

Ratiba ya watoto ni jambo jingine, nalo halibadilishwi. Watu wazima tunaweza kuhamisha darasa, lakini mtoto asihamishwe darasani kwenda shambani. Wakati wa kuchuma, madawati ya shule zetu hubaki matupu. Tatizo hili linajulikana sana. Kati ya mwaka 2011 na 2015 Urambo na Sikonge ziliwekwa katika mradi ulioitwa PROSPER, wa kupunguza kazi za watoto katika mashamba ya tumbaku.

Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari zinakatazwa mpaka miaka 18. Watu husema, "Mimi simwajiri, ni mwanangu, ananisaidia." Haya, tuweke sheria pembeni tuzungumze afya. Jani bichi la tumbaku lina sumu iitwayo nikotini. Asubuhi jani likiwa na umande, sumu hiyo hupita kwenye ngozi ya anayelichuma. Mtu anasikia kizunguzungu, kichwa kinamwuma, anatapika. Wengi hapa hudhani ni malaria. Mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo sumu ileile humlemea upesi kuliko mkubwa. Mtu mzima naye achume umande ukishakauka, avae nguo za mikono mirefu, na anawe kwa sabuni.

Tena kuna madawa ya shambani. Usimimine dawa katika chupa ya soda. Iache katika chupa yake yenye maandishi. Ukijua kusoma, soma kipimo na siku za kungoja. Kama hujui, chupa yenye picha ya fuvu la kichwa inakwambia neno moja tu, na neno hilo halihitaji cheti.

Hesabu ya somo hili

Tuseme mkulima ameuza marobota matatu. Bei hizi ni za mfano tu.

Robota la kwanza ni kilo 58, bei shilingi 5,000 kwa kilo. Zidisha: 58 × 5,000 = 290,000.
Robota la pili ni kilo 62, bei shilingi 4,000. Zidisha: 62 × 4,000 = 248,000.
Robota la tatu ni kilo 49, bei shilingi 2,000. Zidisha: 49 × 2,000 = 98,000.

Jumlisha fedha: 290,000 + 248,000 + 98,000 = 636,000.
Jumlisha kilo: 58 + 62 + 49 = 169.

Mkulima alikopa pembejeo za shilingi 210,000. Pia chama kinakata shilingi 100 kwa kila kilo. 169 × 100 = 16,900.

Toa: 636,000 − 210,000 − 16,900 = 409,100.

Hizo ndizo fedha za kupeleka nyumbani. Angalia robota la tatu. Lilikuwa na uzito wa kilo 49, karibu sawa na mengine, lakini fedha yake ni kidogo sana. Kazi ya kuchambua madaraja kabla ya kwenda sokoni ina maana hapo. Bibi yetu huifanya hesabu hii sasa akiwa na mjukuu. Mtoto anazidisha, bibi anaangalia kama daraja ni la kweli. Wakipishana, wanarudia. Wiki iliyopita ni mtoto aliyekosea.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini bibi alisema kwanza kwamba macho yake hayaoni? Je, umewahi kusema hivyo?

2. Mjukuu alijua nini ambacho bibi hakujua? Bibi alijua nini ambacho mjukuu hakujua?

3. Katika kijiji chenu, ni miezi gani watu wana nafasi ya kusoma? Pangeni ratiba yenu wenyewe kisha mpelekeeni mratibu wa elimu wa kata.

4. Taja mtoto mmoja wa jirani ambaye hayuko shuleni. Usimtaje jina darasani. Nenda ukazungumze na wazazi wake.

5. Piga hesabu hii: robota la kilo 55, bei shilingi 3,000 kwa kilo. Makato ya chama ni shilingi 100 kwa kilo. Mkulima atapata shilingi ngapi?

6. Sasa chukua ile karatasi uliyoiweka mbele yako. Isome kutoka juu mpaka chini, pamoja na namba ndogo za pembeni. Je, ni karatasi ya ngapi kati ya ngapi?